Makucha ya Trekta na Mkono wa Habiba

Mueni,

Jumapili mchungaji alipokuita mbele akakupa maikrofoni na kukuomba uwaeleze watu kilichokuvuta kwenye utabibu, ulisema hivi: "Nilimwona daktari akimpuuza mama mmoja. Akapoteza vidole. Siku hiyo niliapa kwamba mimi sitakuwa daktari wa namna hiyo." Kanisa zima likapiga makofi. Mama aliyekaa kando yangu akanishika goti, akaniambia, "Umelea, dada." Mimi mikono yangu ilibaki juu ya Biblia. Uliniona. Ulitazama upande wangu mara moja, kisha ukatazama chini, ukamrudishia mchungaji maikrofoni yake.

Tangu hapo nina hasira na wewe. Si hasira ya vyombo visivyooshwa. Ni hasira ninayoamka nayo, ninayochagua nayo maharagwe, ninayoenda nayo shambani na kurudi nayo.

Kesho unapanda basi kwenda chuoni. Mambo ya shuka, ndoo na kufuli ya sanduku tumeyamaliza, sitayarudia. Baba yako amepiga simu kutoka Hulugho, huko alikohamishiwa kufundisha, akaniambia, "Mwache mtoto aondoke na moyo mwepesi. Yaliyopita yamepita." Nikamwambia simu inakatakata, nikaizima. Ilikuwa inasikika vizuri kabisa. Saa hii umeenda sokoni na wenzako, nyumba imetulia, jua bado liko juu, nami nimeketi mezani na karatasi hizi. Naandika kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utalia, nami nitakuonea huruma, na tutaishia kupika chai.

Hadithi uliyowapa watu kanisani ni ya kweli. Ila umewatoa watu wawili waliokuwa ndani ya kile chumba. Mmoja ni mimi. Mwingine ni wewe. Kwa hiyo nitaisimulia upya, na nitaanzia kwenye trekta, kwa sababu mkono wa Habiba haukuanza kuharibika mbele ya daktari. Ulianza kuharibika shambani kwetu.

Wewe trekta lile ulilichukia, lilikuwa linakuchafulia sare za shule. Lilitufikia likiwa kuukuu. Mradi mmoja wa kilimo ulipofunga kazi zake huku, uliliachia kikundi chetu cha akina mama. Lilikuwa trekta dogo lenye umri kukushinda, rangi imebabuka, kiti kimefungwa kwa kamba za nailoni. Mbele lilikuwa na mikono miwili ya chuma iliyobeba baketi la kuzolea udongo. Wanaume wa pale mtoni walicheka sana. Mmoja aliuliza kama tutalipikia uji. Nilijifunza kuliendesha nikiwa na kile kicheko masikioni, na niliishia kuliendesha vizuri kuliko yeyote kati yao.

Kisha mto Tana ukafurika, na maji yalipoondoka, shamba letu likaota mathenge. Unaujua mti ule. Miiba yake inatoboa ndala na inatoboa tairi, mbuzi wakila maganda yake meno yanaoza, na ukiukata kwa panga unachipuka tena kwa fujo zaidi. Baketi halikuuweza. Unasukuma kichaka, kinalala. Unarudi nyuma, kinasimama. Tulikuwa tukishinda juani tukisukuma, na jioni tunaondoka vichaka vikiwa vimesimama vilevile.

Wazo la makucha lilikuwa langu. Nilikuwa nimeona kwenye kazi ya barabara mashine kubwa iliyokuwa inauma mawe na kuyainua kama mtu anavyookota kaa la moto kwa koleo. Nikaenda kwa Dekow, yule fundi mwenye karakana mtaa wa Iftin, nikamwambia nataka trekta langu lipate makucha juu ya baketi, ya kufunga na kufungua, niume kichaka nikivute na mizizi yake.

Dekow alilizunguka trekta, akaniwekea vidole viwili mbele ya uso. "Hii trekta iko na njia mbili ya mafuta tu, Mama Mueni. Moja ya kuinua mikono, moja ya kupindua baketi. Makucha inataka njia ya tatu. Hiyo njia hakuna."

"Basi itengeneze."

"Pampu imezeeka."

"Hata mimi nimezeeka, na leo nimeamka kabla yako."

Akacheka, akakubali. Ni fundi mzuri, sitamnyima hilo. Makucha aliyachomelea kutoka kwa springi za lori. Akatafuta silinda kwenye mashine iliyotupwa. Akaweka vali ya ziada, na leva yake, kile kifimbo cha chuma, akaifunga upande wa kulia wa kiti. Kutoka kwenye vali hiyo ilikuwa lazima ipite mipira miwili ya haidroliki kufuata mkono wa trekta hadi mbele. Ndani ya mipira ile mafuta yanasukumwa kwa nguvu ambayo huwezi kuiona kwa macho, na kinachoizuia nguvu hiyo isitoke nje ni unene wa mpira tu.

Mpira mmoja ulikuwa mpya. Wa pili aliuvua kwenye greda lililokufa nyuma ya karakana.

"Hii bado nzuri, wallahi," alisema, akiukunja na kuukunjua. "Mpya itatoka Nairobi. Utangoja."

Mbegu zilikuwa zimeshafika na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Nikasema, funga huo huo. Ni mimi niliyesema. Kikundi hakikuulizwa.

Siku ya kwanza makucha yalipouma kichaka na kukivuta, mizizi ikatoka ardhini ikiwa mirefu kama kamba za kisima, akina mama walipiga vigelegele mpaka wachungaji wa ngamia wakaja kuangalia. Habiba alicheza mbele ya trekta, baibui amelikunja kiunoni. Nilicheka mpaka nikashindwa kushika usukani. Nataka ujue kwamba tulikuwa na siku hiyo.

Unajua Habiba ni nani kwetu, lakini acha niandike, maana kanisani ulimwita "mama mmoja" tu. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaletwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab akiwa mgongoni mwa mamake, akakulia kambini, akaolewa hapa mjini, mtaa uleule wa Iftin. Alipojiunga na kikundi kuna walionong'ona. Wakanyamaza walipoona anavyofanya kazi. Ulikuwa ukitoka shule unapitia kwake kabla ya kuja kwangu. Ulimwita habaryar, mama mdogo, naye ndiye aliyekupa Kisomali hicho kizuri ulicho nacho, Kisomali cha ndani ya nyumba, si kama hiki changu cha sokoni cha kuulizia bei ya maziwa.

Asubuhi ile makucha yalianza kulegea. Nauma kichaka, nainua, na kabla sijafika kwenye rundo kimeanguka. Habiba akaona mafuta yanang'aa kwenye mkono wa trekta, pale mpira wa zamani ulipopinda kwenye bawaba. Akanipungia nisimame. Nikasimama, lakini sikuzima injini. Nikafanya baya zaidi: nikaishikilia leva ili mafuta yaendelee kusukumwa, nikamwambia, "Pitisha mkono hapo, abaayo, dada yangu, uone yanatokea wapi."

Haya nimeshayasema mbele ya kikundi kizima. Nimeyasema pia mbele ya mume wake. Nayaandika tena ili usije ukadhani nakulaumu wewe huku mimi nimejitoa.

Alipitisha mkono. Akauvuta ghafla kama mtu aliyeumwa na nyuki. "Mwiba," akasema. Tukatazama. Kwenye ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kulia, kulikuwa na tundu dogo kama la sindano, hata damu halikutoa. Tulicheka, Mueni. Kwa mathenge yote ile, mwiba mmoja ni nini? Nikazima injini, tukaufunga mpira kwa kitambaa na waya, tukaendelea na panga.

Kabla ya adhuhuri kile kidole kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheupe na kigumu kama mshumaa. Habiba aliketi chini ameukumbatia mkono wake kama mtoto mchanga, midomo ikimtetemeka. Nikakupigia simu. Ulikuwa nyumbani ukisubiri matokeo ya kidato cha nne. Nilikuita kwa sababu moja tu. Kiswahili cha Habiba hakikutosha, Kisomali changu hakikutosha, nami nilitaka mtu wa kuyafikisha maneno yake kwa daktari yakiwa mazima.

Pale zahanati foleni ilikuwa imefika nje. Daktari alikuwa kijana wa bara kama sisi, macho mekundu kwa uchovu, na mama aliyetutangulia alikuwa ametoka akifuta machozi kwa sababu ya jinsi alivyokaripiwa. Tukaingia. Hakuinua kichwa.

"Shida?"

Habiba akaanza kueleza. Alieleza kwa urefu. Katika maneno yake yote nilishika moja, kwa sababu alilirudia na kulirudia: *dab*. Moto. Alionyesha kidole, kisha kiwiko, kisha kwapa. Sauti yake ilikuwa inakatika katikati. Hata mtu asiyejua neno moja la Kisomali angeelewa.

"Anasemaje?" daktari akakuuliza.

Nawe ukasema, "Amedungwa na mwiba, daktari. Anasema inauma kidogo."

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona jinsi ulivyonyoosha mgongo kabla ya kusema. Ulitaka aone kwamba wewe ni msichana aliyesoma, mwenye adabu, si mmoja wa wale wanaopiga kelele mlangoni pake. Ulimsoma usoni ukajua jibu analolitaka, ukampa. Na Habiba alikuwa palepale, ameketi kati yenu, ameacha kusema, nami nikadhani ni kwa sababu anaamini umemsemea.

Mimi nilisema jambo moja. Nilisema, "Kulikuwa pia na mafuta ya trekta, daktari." Akasema, "Basi muoshe na sabuni, mama." Akaandika dawa ya maumivu na sindano ya pepopunda, akaita anayefuata.

Ningeweza kusema, "Mtoto amekosea. Amesema moto." *Dab* nalijua hata mimi na Kisomali changu cha maziwa. Nilinyamaza kwa sababu nikifungua mdomo, swali la pili lingekuwa: nani alimwambia apitishe mkono? Kwa hiyo mimi na wewe tulitoka pale tumemshika Habiba huku na huku, na kila mmoja amemeza lake.

Kesho yake mkono ulikuwa umevimba hadi kwenye kiwiko, na kidole kimekuwa cheusi. Tukampeleka hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini. Alimpasua kuanzia kidoleni hadi karibu na kifundo cha mkono, na alipotoka alituketisha akatueleza. Mafuta yakitoka kwenye tundu dogo kwa nguvu kama ile, hupenya ngozi kama sindano. Hayakai kidoleni. Hukimbia ndani kwa ndani, na nyama yanakopita inakufa. Tundu lenyewe ni dogo sana, ndiyo maana linamdanganya kila mtu. Akasema, "Angefunguliwa jana…" halafu hakumaliza.

Kisha akauliza, "Nani alimwona jana? Na aliambiwa nini?"

Ulikumbuka jina la zahanati. Kuhusu swali la pili ulisema, "Aliambiwa, lakini hakusikiliza."

Hapo ndipo ilipozaliwa ile hadithi yako ya kanisani. Haikuzaliwa Jumapili. Ilizaliwa kwenye benchi lile, Habiba akiwa bado hajaamka kutoka kwenye dawa ya usingizi, na mimi nikiwa nimekaa kando yako. Nilikutazama. Nikasema moyoni, mwache, ni mtoto, atasema mwenyewe.

Walimkata vidole viwili. Vilivyobaki havifungi vizuri.

Watu wakaanza kuja na maneno yao. Majirani zake wakasema ni *qadar*, Mungu alishaandika. Wa kwetu wakasema Mungu ana sababu zake. Nilikuwa nawatengenezea chai nikisikiliza, na siku moja nikaiweka birika chini nikawaambia kwamba Mungu hakuishika ile leva. Walinitazama kana kwamba nimetukana. Mchungaji akaniambia hasira itanimaliza. Mueni, hasira ndiyo iliyoninyanyua kitandani miezi ile. Nisingekuwa na hasira ningeliacha lile trekta lioze pale mtoni, nami ningekuwa nikiingia kwa Habiba kila wiki na sukari na pole, na hakuna kitu ambacho kingebadilika.

Niliufungua ule mpira, nikaubeba hadi kwa Dekow, nikauweka mbele yake wakati anakula.

"Mashine ni mashine, mama," akasema. "Ajali haina mwenyewe."

"Hii ina wenyewe wawili. Tazama hapa. Umesugulika kwenye bawaba mpaka waya za ndani zimetoka. Uliukata mfupi, ukaupitisha mahali pabaya. Na mimi nilijua ni wa zamani nikakuambia ufunge."

Akaugeuzageuza. Akaacha kula. "Wallahi, mimi silali tangu nisikie," akasema.

"Mimi pia silali. Habiba naye halali. Kwa hiyo tuna muda. Tutaifanya upya, na safari hii tutangoja chochote kitakachotoka Nairobi."

Akaifanya upya. Mipira yote miwili mipya, mirefu ya kutosha, imewekwa mbali na bawaba na kufunikwa kwa gamba nene ili hata ikipasuka isimrukie mtu. Na siku hizi mafuta yakivuja tunatafuta kwa kipande cha katoni. Mkono wa mtu haupiti pale tena.

Tukiwa katikati ya kazi hiyo Habiba akaingia karakana, mkono bado umefungwa bandeji. Hakusalimia. Akasimama mbele ya kiti cha trekta, akaonyesha upande wa kushoto.

"Leva iwe hapa."

Dekow akasema, "Dada, kila trekta inakuwa kulia. Nani ataendesha na kushoto?"

"Mimi."

Dekow alichukua spana akaanza kuifungua leva.

Nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mkali, alinitukana kwa lugha mbili, na kuna siku aliteremka akaliacha trekta linanguruma katikati ya shamba akaenda nyumbani. Hatukuwa tukicheka kama zamani, na bado hatucheki kama zamani. Lakini ile asubuhi aliyong'oa kichaka chake cha kwanza peke yake, akakibeba hadi kwenye rundo bila kukiangusha, nilikupigia simu uje uone. Ukasema unasoma. Siku nyingine ukasema kichwa kinauma. Nilipokulazimisha tumpelekee maziwa, uliketi kwenye mkeka wake ukazungumza na ukuta, Kisomali chako chote kimekupotea, unajibu ndiyo na hapana kwa Kiswahili kama mgeni.

Uliposema unataka utabibu, nilifurahi kwa siri. Nilidhani nimekuelewa. Nilidhani ndiyo njia yako ya kukiri, kwamba umekijua ulichokifanya na umeamua kukilipia kwa maisha yako yote. Sikukuuliza. Nikangoja. Nilingoja mpaka Jumapili, ukashika maikrofoni, ukamtupia yule daktari kijana mzigo wote peke yake.

Ana mzigo wake, na ni mkubwa. Bado namkasirikia. Kazi yake ilikuwa kuinua kichwa, kuushika ule mkono na kuuliza tena. Lakini hayupo hapa, na si yeye ninayemfungia nguo sandukuni.

Nisikilize vizuri. Uoga wako wa siku ile sikuukasirikia. Ulikuwa msichana mdogo umewekwa kati ya watu wazima watatu, na mimi ndiye niliyekuweka pale. Hasira yangu ni kwamba umeirekebisha hadithi mpaka ikawa nzuri, na sasa unataka kuanzia nayo maisha. Utaketi upande wa pili wa ile meza, Mueni. Utakuwa umechoka, foleni imefika nje, na ataingia msichana nadhifu, mwenye adabu, ameandamana na mama anayetetemeka, akuambie kwamba inauma kidogo. Ukiwa umejidanganya kwamba siku ile ulisema moto, utamwamini. Utamuandikia dawa ya maumivu na kuita anayefuata. Anayeweza kumshtukia msichana yule ni mtu anayekumbuka kwamba aliwahi kuwa yeye.

Sasa ya leo.

Ulipotoka tu kwenda sokoni, Habiba alikuja. Alikuwa amekuletea mkebe wa nyirinyiri za safari, nyama ya ngamia aliyoikaanga mwenyewe, mafuta yameganda juu. Akauweka mezani, akauliza uko wapi. Nikamwambia akae. Nikashindwa kuendelea kunyamaza, nikamweleza ulichokisema kanisani, kisha nikamweleza ulichomwambia daktari siku ile. Nilidhani nampa habari.

"Mimi nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Kidogo." Alikuwa anautazama mkono wake. "Mama Mueni, mimi nimekua kambini. Kidogo ndiyo neno ya kwanza ya Kiswahili nilijua. Maji kidogo. Unga kidogo. Ngojea kidogo. Mtu akisema kidogo mimi nasikia hata nikilala."

Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale.

"Niambie nani? Daktari anaangalia mtoto. Mtoto anaangalia daktari. Wewe unaangalia viatu yako."

Baadaye nikamuuliza kama amekusamehe, kwa sababu mimi ni mamako na hilo ndilo nililotaka kusikia.

"Hajaniomba. Nitasamehe nini?" Sauti yake ilipanda. "Mimi niko na hasira, wallahi. Hii Kisomali yake nilimfundisha mimi. Neno *dab* nilimfundisha mimi, akiwa mdogo, jikoni kwangu, asishike jiko. Neno alikuwa nayo mdomoni. Halafu sasa anapita mbele ya mlango yangu anageuza uso, kama ni mimi nilimkosea."

Chai ilikuwa imepoa, hakuna aliyeinywa. Mwishowe akasimama, akanyoosha mkono wa kushoto, akauchukua ule mkebe kutoka mezani na kuubana kwapani.

"Hii ni ya Mueni," akasema. "Aje achukue."

Akaenda zake.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako. Ukimaliza kuisoma kutakuwa bado na mwanga, na kwa Habiba, kule Iftin, si mbali. Usije kwanza kunitafuta jikoni. Usimpigie baba yako. Vaa viatu uende, ubishe hodi, na umwambie yote kwa Kisomali, kuanzia ulipoingia chumba kile hadi ulipotoka. Sijui atakujibu nini. Huenda akakuketisha, huenda akakufungia mlango, na akiufunga utarudi asubuhi kabla ya basi ubishe tena.

Mimi siendi nawe. Nikiwa pale nitaanza kukusemea, na nitayalainisha.

Mama